Tueleze Kila Kifaa Waziwazi

Wengine wetu tunaweka hesabu za vikundi kwenye kompyuta, na vijana wanataka programu ya akili bandia isaidie. Programu hiyo hupewa vifaa, yaani kazi ndogondogo za kompyuta: kimoja cha kusoma akiba, kingine cha kuandika mkopo. Haioni ndani ya kifaa. Husoma tu jina lake na maelezo tuliyoandika. Tukiandika "shughulikia akiba", itabahatisha, na jasho la mama mmoja linaweza kuandikwa kwa mwingine.

Basi tuandike hivi: "Hiki husoma akiba ya mwanachama mmoja. Kinahitaji nambari ya uanachama, si jina, kwa maana akina Wanjiru ni wengi. Hujibu kwa shilingi. Hakibadilishi hesabu."

Kisha mweka hazina alinganishe majibu na daftari kabla hatujakiamini.