Kuuliza si Ujinga: Waziri wa Fedha na Kodi Yetu

Kila mwaka, mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha husimama Bungeni Dodoma na kusoma bajeti ya Serikali. Redio hutangaza hotuba hiyo kwa saa nyingi. Huku vijijini wengi wetu husikiliza mwanzo tu. Tukishasikia matrilioni na asilimia, tunasema: "Ah, hayo ni mambo ya wakubwa bwana." Tunazima redio, tunakwenda zetu.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tunapokosea. Hotuba ile huweza kupandisha au kushusha bei ya sabuni, bei ya bati na nauli ya basi. Na baada ya hotuba, Waziri huulizwa maswali, naye hutakiwa ayajibu. Katika makala haya tutaeleza kwa nini maswali hayo ni yetu sisi, na jinsi ya kuyauliza vizuri.

JE, MKULIMA HULIPA KODI?

Wako watu husema: "Mimi sina mshahara, sina duka. Kodi silipi." Si kweli. Iko Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kwa kifupi huitwa VAT. Kodi hii ilianza kutozwa nchini mwetu mwaka 1998. Kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, yaani shilingi 18 katika kila shilingi 100.

Hebu tupige hesabu. Tuseme bati moja bei yake kabla ya kodi ni shilingi 20,000. Kodi yake ni shilingi 3,600. Kwa hiyo dukani utalipa shilingi 23,600. Ukinunua bati 20 za kuezekea nyumba yako, umelipa kodi ya shilingi 72,000. Hukuiona ikienda, kwa sababu imo ndani ya bei. Mwenye duka ni mchukuzi tu. Mlipaji ni wewe.

Ndiyo sababu tunaambiwa tudai risiti. Usipodai risiti, kodi uliyolipa huenda ikabaki mfukoni mwa mwenye duka, isifike Serikalini. Umelipa, lakini zahanati haikupata kitu.

Tuseme pia kwamba si kila kitu hutozwa kodi hii. Mazao ambayo hayajasindikwa, kama vile mahindi na maharage, hayatozwi. Mbolea nayo haitozwi. Hayo hayakutokea yenyewe. Yaliamuliwa na watu, yakaandikwa katika sheria, na watu wanaweza kuyabadilisha.

BAJETI NI NINI?

Bajeti ni makadirio ya mapato na matumizi. Kila nyumba ina bajeti yake, hata kama haikuandikwa. Baba na mama hukaa wakasema: pamba itatupa kiasi hiki, karo na daftari zitachukua kiasi hiki, na mbegu kiasi hiki. Ikipungua, hukopa au huacha jambo moja.

Serikali hufanya vivyo hivyo. Mwaka wake wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mapato yake hutoka katika kodi, ushuru, mikopo na misaada. Matumizi yake ni ya namna mbili. Kuna matumizi ya kawaida, kama mishahara ya walimu na waganga, dawa, na kulipa madeni. Kuna na matumizi ya maendeleo, kama barabara, maji, umeme na madarasa.

Basi Waziri akisema ataongeza matumizi, lazima aseme hela zitatoka wapi. Na akisema anaondoa kodi fulani, lazima aseme pengo litazibwa na nini.

ZAMANI HAPAKUWA NA WA KUMWULIZA

Wazee wetu walilipa kodi ya nyumba tangu wakati wa Wajerumani. Amri ya kodi hiyo ilitolewa mwaka 1897. Aliyekosa fedha alilazimika kutafuta kibarua kwa walowezi au kufanya kazi ya kulazimishwa. Kodi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachosha watu, mpaka vita vya Maji Maji vikaanza mwaka 1905. Baadaye Waingereza nao walitoza kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Mkulima alikuwa na kazi moja tu, kulipa. Fedha zimefanya nini, hakuwa na pa kuuliza.

Leo sheria ni nyingine. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 138, inasema kwamba haitatozwa kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Kwa hiyo Waziri hawezi kuamka asubuhi akatunga kodi yake. Hupeleka Muswada wa Fedha Bungeni. Kamati ya Bajeti huuchambua na kusikiliza maoni ya wadau. Wabunge huuliza, Waziri hujibu, ndipo kura hupigwa.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Katika kura ya bajeti kila mbunge huitwa kwa jina, naye hutamka wazi kama anakubali au anakataa. Lakini Katiba, Ibara ya 90, inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Mbunge anayekataa anajua anaweza kurudi nyumbani kuomba kura upya. Kwa hiyo si rahisi bajeti ikataliwe siku ya mwisho. Swali lenye nguvu ni lile linaloulizwa mapema, kabla ya kura.

SWALI LA MAFUTA YA TAA

Tuchukue mfano wa kweli. Mwezi wa Juni mwaka 2011 Waziri wa Fedha alikuwa Ndugu Mustafa Mkulo. Katika bajeti yake alipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400 na senti 30.

Vijijini watu walishtuka. Waliokuwa wakiwasha koroboi na chemli ni wao. Tuseme familia ilitumia lita moja kwa wiki. Kabla ya hapo ililipa ushuru wa shilingi 52 kwa wiki, yaani shilingi 2,704 kwa mwaka wa wiki 52. Baada ya hapo, hata tukiziacha zile senti, ililipa shilingi 400 kwa wiki, yaani shilingi 20,800 kwa mwaka. Tofauti yake ni shilingi 18,096. Kwa mtu wa jembe la mkono, hizo si hela ndogo.

Swali lilikuwa wazi: kwa nini taa ya maskini itozwe kodi kubwa hivi?

Serikali ilikuwa na jibu. Ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa mdogo kuliko wa dizeli. Basi wafanyabiashara wasio waaminifu walinunua mafuta ya taa wakayachanganya na dizeli, wakauza yote kama dizeli. Huo ndio ulioitwa uchakachuaji. Injini za magari na mashine ziliharibika, na Serikali ilikosa mapato. Ushuru ukikaribiana, faida ya kuchakachua hupungua.

Je, jibu hilo lilikuwa baya? Hapana, lina maana. Lakini lilijibu nusu ya swali. Aliyechakachua alikuwa mfanyabiashara wa mafuta. Aliyelipa ni mama mwenye koroboi na mtoto anayesoma usiku. Waziri anapotoa sababu nzuri, bado tunayo haki ya kuuliza mzigo umeangukia bega la nani.

SWALI LA TOZO YA SIMU

Mfano wa pili ni wa mwaka 2021. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Dk. Mwigulu Nchemba. Kuanzia tarehe 15 Julai 2021, kila aliyetuma au kutoa pesa kwa simu alitozwa tozo ya Serikali, juu ya ada ya kampuni ya simu. Ilianzia shilingi 10 na kufika hadi shilingi 10,000, kulingana na kiasi cha pesa.

Huku kwetu simu ndiyo benki. Kijana aliye mjini humtumia mama yake hela ya dawa kwa simu. Basi watu wakauliza, sokoni, redioni na Bungeni: pesa hii tumekwisha kuitolea jasho, mbona ikitumwa inakatwa, na ikitolewa inakatwa tena?

Serikali ilijibu kwamba fedha hizo zitajenga vituo vya afya katika tarafa na madarasa. Kweli ujenzi ulifanyika. Hata hivyo maswali hayakwisha. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kilishushwa hadi shilingi 4,000. Mwaka 2023 tozo ya kutuma pesa kwa simu ikafutwa.

Kumbe kuuliza kunasaidia! Lakini tusishangilie tukasahau hesabu. Katika bajeti ile ile ya mwaka 2023 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Dizeli ndiyo inayoendesha basi, lori la mazao, na mashine nyingi za kusaga. Mzigo ulitoka mlango mmoja ukaingia mwingine. Ndiyo maana anayesema "ondoeni kodi hii" inafaa pia aulize: "Mtaziba pengo kwa kitu gani?"

JINSI YA KUULIZA VIZURI

Swali zuri la kodi lina mambo matatu. Kwanza, nani hasa atailipa? Pili, kwa nini inatozwa? Tatu, fedha zitakwenda wapi, na nani atazikagua? Hilo la mwisho lina jibu lake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua matumizi kila mwaka, na taarifa yake hupelekwa Bungeni. Redio ikiisoma, tusiizime.

Sisi hatuingii Bungeni, lakini tunaye mbunge. Mweleze kabla ya mwezi wa Aprili, maana mkutano wa bajeti huanza mwezi huo. Usimwambie tu "maisha magumu." Mpe hesabu. Mwambie mlilipa nini mwaka jana, na mwaka huu mnalipa nini. Hesabu iliyoandikwa haipuuzwi kwa urahisi. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tukiwa watu wazima tunaijua thamani ya karatasi.

Tena si kila swali ni la Waziri wa Fedha. Ushuru wa mazao hukusanywa na halmashauri ya wilaya. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ukiwa na shaka juu ya ushuru huo, mwulize diwani wako. Michango na fedha za kijiji huulizwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria na kusikia taarifa ya mapato na matumizi. Asiyeuliza habari za fedha za kijiji chake, atawezaje kuuliza za Taifa?

Ndugu wasomaji, kodi ni lazima. Bila kodi hapana mwalimu, hapana dawa, hapana daraja. Lakini anayelipa si mjinga, wala anayeuliza si mkorofi. Mwezi wa Juni ukifika, washeni redio, kaeni na kalamu na karatasi. Waziri akitaja shilingi ngapi, andikeni. Kisha ulizeni.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja vitu vitatu ulivyonunua mwezi huu ambavyo bei yake ina kodi ndani yake.

2. Je, ilikuwa haki kupandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji? Toa sababu.

3. Andikeni pamoja swali moja la kumpa mbunge wenu, lenye hesabu ndani yake.