Medali Zikiwekwa Kabatini

Hapa kwetu Morogoro barafu tunayoijua ni ile ya ubuyu na ukwaju, ambayo akina mama wengi huigandisha na kuwauzia watoto wa shule. Hata juu katika milima ya Uluguru, ambako baridi ya asubuhi humfanya mtu akae karibu na moto, hakuna mto unaoganda ukapitika kwa miguu. Lakini ziko nchi ambako watoto hufundishwa tangu wadogo kuteleza juu ya barafu, wakivaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli. Mama mpendwa, leo nakusimulia habari za binti mmoja wa mchezo huo, kwa sababu maisha yake yanagusa jambo ambalo sisi wauguzi hukutana nalo mara kwa mara.

Kutoka Moscow hadi Australia

Ekaterina Alexandrovskaya alizaliwa Moscow, Urusi, tarehe 1 Januari 2000. Mchezo wake ulikuwa wa wawili wawili, mvulana na msichana. Mvulana humwinua mwenzake juu ya kichwa huku wakiteleza kwa kasi, au humrusha hewani, na msichana huzunguka kisha akatua kwa mguu mmoja. Akikosea, anaangukia barafu ngumu kama sakafu ya saruji. Hana budi kumwamini mwenzake kabisa.

Wakati huo Harley Windsor, kijana wa Australia aliyetoka katika jamii ya wenyeji wa asili wa nchi ile, alikuwa akitafuta mwenzi wa kucheza naye. Kwao hakumpata. Akasafiri hadi Moscow, na huko akakutanishwa na Ekaterina, aliyekuwa akikaribia miaka 16. Binti akakubali kuichezea Australia, nchi iliyo mbali sana na kwao.

Mwaka 2017 wakashinda Mashindano ya Dunia ya Vijana mjini Taipei. Hakuna mchezaji wa Australia aliyewahi kupata ubingwa wa dunia katika mchezo huo kabla yao. Desemba mwaka huohuo wakashinda pia fainali ya Grand Prix ya vijana huko Nagoya, Japani. Binti alipewa uraia wa Australia, na Februari 2018 wakaenda Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Pyeongchang, Korea Kusini. Walishika nafasi ya 18, hawakufika hatua ya mwisho. Hata hivyo, binti wa miaka 18 kusimama Olimpiki si jambo dogo.

Kisha akaanguka

Mwanzoni mwa mwaka 2020 Ekaterina alipatwa na kifafa. Kwa mchezaji anayeinuliwa na kurushwa hewani, ugonjwa huo ni hatari kubwa. Februari mwaka huo akaacha mchezo. Tarehe 18 Julai 2020 alifariki dunia huko Moscow kwa kuanguka kutoka dirishani. Alikuwa na miaka 20. Sitaki kukisia kilichokuwa moyoni mwake. Ninachojiuliza ni hiki: mtoto aliyesifiwa kwa jambo moja tangu utotoni, akinyang'anywa jambo hilo, anabaki na nini?

Nakumbuka mama mmoja aliyeteremka kutoka milimani na binti yake, mkimbiaji hodari wa shule yao. Binti alikuwa ameanguka mara tatu. Nyumbani walikwisha kumwachisha shule, na chombo chake cha chakula kilitengwa. Mama alisema, "Nesi, huyu ndiye tuliyemtegemea." Binti alikuwa pale pale, akisikia, macho chini. Nilijua kwamba dawa peke yake haitatosha.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu

Katika mkoa wetu huu, kule Mahenge, kifafa kimejulikana kwa miaka mingi. Daktari Louise Jilek-Aall, mama kutoka Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuta wagonjwa wakitengwa kwa hofu ya kuambukizwa, na wengine wakiwa na makovu ya moto. Walipopewa dawa, wengi walipata nafuu.

Basi akina mama wenzangu, tukumbuke haya:

Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa povu. Mtoto ale na wenzake.

Akianguka, ondoa vitu vya hatari vilivyo karibu. Mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Degedege likizidi dakika tano, au likirudia kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitali.

Dawa inywewe kila siku, wala isikatishwe ghafla hata kama miezi imepita bila kuanguka. Tumwombee mtoto, lakini maombi yasiwe sababu ya kumwachisha dawa.

Asipike peke yake kwenye mafiga, asiende mtoni peke yake, asipande miti. Shule aendelee nayo. Michezo mingi anaweza kucheza kwa ushauri wa daktari.

Tazama pia moyo wake. Akikaa kimya siku nyingi, akikataa chakula, au akisema afadhali asingezaliwa, usimkemee. Kaa naye, muulize waziwazi, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali. Huzuni nzito nayo hutibiwa.

Yule binti wa milimani alirudi shule baada ya mjomba wake kuja kliniki na kuelezwa. Mbio hakurudia. Siku moja nilimuuliza mama yake anaendeleaje, akanijibu, "Anasuka nywele za nusu ya kijiji, na jioni ananisimulia mambo ya shule." Nilifurahi kuliko kama angeniambia ameleta kikombe.

Mama, mtoto wako akishinda, mpigie vigelegele. Lakini siku asiposhinda, mwandalie chakula kilekile na umwite kwa jina lilelile la kumdekeza. Ajue kwamba alikuwa mwanao kabla ya medali, na medali zikiwekwa kabatini yeye bado ni wako.