Usalama wa Dawa kwa Wazee Wanaotunzwa Nyumbani

Wakazi wa Kata ya Myamba, Wilaya ya Same, wanaotunza wazee majumbani wanakumbushwa kuwa kadiri umri unavyosogea, ndivyo figo zinavyochelewa kuondoa dawa mwilini. Kipimo kimfaacho kijana chaweza kumdhuru mzee.

Hatari huzidi pale mzee anayetumia dawa za shinikizo la damu anaponunuliwa dukani diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya viungo. Dawa hizo huweza kupandisha shinikizo, kudhuru figo na kusababisha vidonda vya tumbo vinavyovuja damu.

Mzee aendapo zahanati, msindikizaji achukue dawa zote zilizopo nyumbani, za miti shamba zikiwemo, ili mganga azikague kwa pamoja. Dawa za shinikizo zisikatishwe bila ushauri wake.