Nyumba Kwanza, Mimbari Baadaye

Kila mwaka vyuo vya theolojia vya Tanzania hutoa watumishi wapya. Segerea na Kipalapala hutoa mapadri wa Kikatoliki, Makumira hutoa wachungaji wa Kilutheri, na Waanglikana wana vyuo vyao. Wachache kati ya wahitimu hao hupangiwa Unguja. Kijana aliyezaliwa Tabora au Masasi anashuka botini bandarini Malindi na sanduku la vitabu na barua ya uteuzi, na kama kanisa lake linaruhusu ndoa, yuko na mke na pengine mtoto mchanga. Amefundishwa kuhubiri, kubatiza, kuzika na kuandika taarifa ya sadaka. Atalala wapi, nani atamtambulisha mtaani, jirani gani atagongewa mlango usiku mtoto akipandwa na homa, hayo hayakuwemo kwenye mtihani.

Katika kuisoma historia ya Kanisa la pwani nimefikia mahali ninapoamini kwamba mtumishi huishika kazi yake pale makazi yake yanaposhika. Ninaposema makazi sisemi paa na kuta tu. Nasema pia mwenyeji aliyempokea, watu wa nyumbani anaoishi nao, na majirani wanaomjua kwa jina. Unguja inatufundisha jambo hili vizuri kuliko mahali pengi, kwa sababu hapa suala la kumtuma mhitimu akaanze maisha na kazi ya kanisa kwa pamoja lilianza kushughulikiwa zaidi ya miaka 150 iliyopita, na matokeo yake tunayo.

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dk. Edward Steere waliihamishia Zanzibar misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu, UMCA. Muda si mrefu Sultani Majid akawakabidhi wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Kutokana na watoto kama hao kilikua chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini kidogo ya mji. Hicho ndicho kilichotoa walimu na makasisi wa kizazi cha mwanzo, hadi kilipohamishiwa Minaki, bara, mwaka 1925.

Tufikirie hali ya mhitimu wa Kiungani. Aliporwa utotoni. Hana kijiji cha kurudi anachokijua kwa hakika, hana wajomba wa kumposea mke, hana shamba la urithi. Chuo ndicho kilichokuwa ukoo wake. Siku anapotumwa kituo cha bara, anaondoka kwenye nyumba pekee aliyowahi kuwa nayo tangu utumwani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosimulia habari za walimu hawa kana kwamba ni habari za uhubiri peke yake. Kwao kazi na makazi vilikuwa jambo moja.

Na hapo misheni ilikuwa na tatizo ambalo haikulitambua mara moja. Wengi wa Wazungu wa UMCA walikuwa waseja. Waliishi kijumuiya, wakala meza moja, na hawakulipwa mshahara. Walipewa makazi, chakula na posho ndogo ya mwaka. Mpango huo uliwafaa. Haukuweza kumfaa mwalimu Mwafrika mwenye mke, watoto na wageni wa kila wiki. Nyumba iliyochorwa kwa ajili ya wanaume watatu wanaosali kwa kengele haina jiko la familia, wala haina uga ambamo wanawake wa jirani wangeingia bila kuona haya. Hata leo ziko nyumba za kanisa, huku visiwani na bara, ambazo ukiziingia unaona wazi kwamba aliyezichora hakumwaza mama wa nyumba.

Sehemu ya jawabu ilipatikana Mbweni, kilomita chache kutoka Kiungani. Misheni ilinunua shamba pale mwaka 1871, na familia za watu waliokombolewa zikapewa nyumba na vipande vya ardhi. Shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria iliongozwa kwa muda mrefu na Bi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 na kuzikwa huko huko baada ya kufariki mwaka 1926. Wasichana wa Mbweni waliolewa na wavulana wa Kiungani, na wengi wao walikuwa walimu kwa haki yao wenyewe. Basi nyumba iliyotumwa bara ilikuwa nyumba ya watu wawili wenye elimu: mume akifundisha wavulana na kuongoza ibada, mke akiwafundisha wasichana na kuzungumza na kina mama mambo ambayo mwanamume asingeweza hata kuyauliza. Kumbukumbu za misheni huwataja wanaume kwa majina na wake zao kwa mstari mmoja. Mizani hiyo si ya haki, na wanaoandika historia ya parokia zao leo wana nafasi ya kuirekebisha wakiwauliza wajukuu.

Hata hivyo, nyumba njema bila mwenyeji haitoshi. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu kutoka Mbweni kwenda kusini, wakaanzisha kijiji Masasi. Kilikuwa kijiji chao wenyewe, chenye kanisa lao na desturi walizotoka nazo Unguja. Septemba 1882 Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, walikivamia, wakaua na kuteka watu. Siwezi kusema kuwa uvamizi ule ulitokana na ugeni wao, kwani vita vya wakati ule vilipiga wageni na wenyeji. Lakini baada yake misheni iliweka makao Newala, karibu na mfalme wa Kiyao Matola, kwenye ulinzi wa mtu aliyejulikana na nchi nzima.

Cecil Majaliwa alikwenda mbali zaidi katika njia hiyo. Alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani, akasoma Kiungani, kisha Chuo cha Mtakatifu Augustino huko Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 aliwekwa wakfu kuwa shemasi na kupelekwa Chitangali, kwa mfalme Barnaba Nakaam. Alikwenda na familia yake, akaishi chini ya mwenyeji mwenye watu na heshima, mbali na meza ya Wazungu. Januari 1890 Askofu Smythies wa misheni hiyo alimpa daraja la ukasisi hapa Zanzibar. Akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa UMCA, akarudi Chitangali. Alidumu huko zaidi ya miaka kumi, na kituo chake kikawa miongoni mwa vile vilivyostawi sana kusini. Wengi husifu kisomo chake cha Canterbury. Mimi naona kisomo kingemsaidia kidogo sana kama Nakaam asingemfungulia mlango, na kama familia yake isingekuwa pale jioni watu walipokuja kumtazama huyu padri mweusi anaishije.

Kiungani nayo haikuwatupa wahitimu wake. Kuanzia mwaka 1888 chuo kilichapa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, lililokusanya habari kutoka vituoni: nani amehamia wapi, mvua imekuwaje, shule ina watoto wangapi, nani ameoa, nani amefariki. Mwalimu aliyekaa kituo cha mbali na asiyeona uso wa mwenzake kwa miezi alipokea karatasi zenye majina ya watu aliolala nao bweni moja. Upweke wa mwaka wa kwanza ni jambo linalovunja watumishi wengi kimya kimya, na vijana wale wa karne ya 19 walikuwa wameutafutia dawa. Siku hizi kila mhitimu ana simu yenye makundi ya gumzo, lakini kundi ambalo watu hutumiana aya za Biblia asubuhi na kunyamaza siku nzima halifanyi kazi ya Msimulizi. Gazeti lile liliuliza na kujibu mambo ya maisha.

Kuna sura nyingine ya historia hii ambayo mtumishi mpya wa Unguja anapaswa kuijua kabla ya zote. Steere, aliyekuja kuwa askofu na kujenga kanisa kuu la Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa Juni 1873, alijifunza Kiswahili chake kwa Waislamu wa mji huu. Katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870 aliwashukuru walimu wake, na mmoja wao alikuwa Sheikh Abdulaziz al-Amawi, kadhi na mwanachuoni mwenye asili ya Barawa, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Sheikh huyo hakuwa mlegevu wa dini. Alibishana na wamisionari kuhusu imani bila kuwaonea haya. Alimsaidia jirani aliyemwomba elimu, akapinga mafundisho aliyoona si sahihi, na yote mawili aliyafanya kwa uwazi. Ujirani wa Unguja umejengwa na watu wa namna hiyo.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa botini. Anaingia nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni Waislamu. Kanisani atakuta makundi mawili. Wapo wenyeji wa vizazi, wengine wajukuu na vitukuu wa Mbweni na Kiungani, ambao ni Wazanzibari kwa kila hali na wanachoka kuulizwa wametoka wapi. Na wapo waliokuja kikazi: askari, walimu, wafanyakazi wa hoteli za Nungwi na Paje. Hao wa pili ni wengi na wana sauti, na kwa kuwa mhitimu naye ni mgeni, atajikuta amekaa upande wao bila kuamua. Namshauri awatembelee wazee wa kundi la kwanza mapema kuliko wote, nyumbani kwao, ili atambulishwe na watu ambao mtaa tayari unawajua.

Kisha kuna sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Kila shehia ina sheha wake, na mkaazi mpya anapaswa kujulikana kwake. Aende na mzee wa kanisa anayeheshimika pale mtaani, aeleze amekuja kufanya nini na atakaa nyumba ipi. Asingoje mpaka awe na shida ya karatasi ndipo atafute ofisi.

Nyumba yenyewe ikiwa ndani ya Mji Mkongwe, ina tabia zake. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zinabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kiasi cha mita 3 au pungufu, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba na kabati la bara halipiti. Kuta hizo hupumua kupitia lipu ya chokaa. Ukizipaka saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani, lipu hubanduka, vitabu huota ukungu na watoto hukohoa. Parokia inayotaka kumpamba mgeni wake kwa saruji na rangi ya mafuta inamharibia nyumba. Tena mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na marekebisho yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Watumishi wengi, hata hivyo, hupangishiwa nje ya mji, Fuoni au Tomondo, kupitia dalali na kwa kodi inayodaiwa miezi kadhaa mbele. Posho ya mwezi wa kwanza haiwezi kulipa kodi hiyo, na anayeanza kazi kwa kukopa kwa waumini wake ameshapoteza kitu kikubwa.

Mwezi wa Ramadhani utamfundisha mengi. Mchana hatakula wala kunywa mbele za watu, na hilo si sharti la kanisa lake, ni adabu ya mahali. Jioni inawezekana sahani ya futari ikaletwa mlangoni. Sahani hairudi tupu. Mke wa mtumishi, kama yupo, kwa kawaida huelewa jambo hili kabla ya mumewe.

Sitaficha kwamba pamekuwa na nyakati za hofu. Desemba 2012 padri mmoja wa Kikatoliki alipigwa risasi na kujeruhiwa, na Februari 17, 2013, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa akienda kuadhimisha misa ya Jumapili. Mtumishi anayekuja na familia ana haki ya kuambiwa habari hizi na wakubwa wake wazi wazi, badala ya kuzisikia vipande vipande kwa watu wa bandarini. Aambiwe pia kwamba mauaji yale yaliwahuzunisha na kuwatia uchungu majirani Waislamu.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mapokezi iko mikononi mwa halmashauri ya parokia, na inatakiwa ifanyike mgeni akiwa bado Dar es Salaam. Nyumba iwe imepatikana, na kodi ya mwaka wa kwanza imelipwa na kanisa. Jiko likaguliwe na mwanamke atakayeweza kusema kama linapikika. Umeme wa tukuza, ule unaolipiwa kabla ya kutumika, uwe umewekwa. Sheha awe ameshapewa jina la mgeni na idadi ya watu wake, na majirani wa mlango wa kulia na wa kushoto wawe wameambiwa ni familia gani inakuja, na inafika kwa boti ya saa ngapi.