Kabrasha Linapozaa Pacha: Chanzo na Utatuzi

Makala haya yanadhamiria kufafanua tatizo ambalo limewahangaisha watafiti wa fasihi simulizi katika maeneo ya Kisii na Nyamira, nalo ni kabrasha la tarakilishi kuzaa pacha asiyetarajiwa.

Tuchukulie mwanafunzi aliyezunguka Manga na Ekerenyo akinasa nyimbo na ngano za Abagusii. Anazihifadhi katika flashi, kisha anaenda saiba mjini Kisii kupiga chapa. Arejeapo, ndani ya kabrasha “Nyimbo” mna “Nyimbo” nyingine, na ndani ya “Ngano” mna “Ngano”. Makabrasha ya awali hayaonekani. Kwa hofu anaifuta flashi nzima, na sauti ya ajuza ambaye pengine amekwisha kufariki inapotea. Ilhali sauti hiyo ilikuwamo, imefichwa tu!

Pacha huyo si kabrasha asilani. Ni programu iliyojivika picha ya kabrasha. Windows kwa kawaida huficha kiambishi tamati cha jina la faili. Mwanaisimu ataelewa upesi: ukiondoa viambishi tamati vya “mchezo” na “mchezaji”, hubaki “mchez-” ileile. Vivyo hivyo, “Nyimbo” ni kabrasha, “Nyimbo.exe” ni programu, kiambishi kikifichwa, viwili hivyo huonekana kitu kimoja. Brontok, kirusi kilichozuka Indonesia mwaka wa 2005, kilitumia hila hii, na hata kuondoa menyu ambayo ingemwezesha mtumiaji kukifichua. Mashine ya saiba, inayopokea flashi za kila mpita njia, ilikuwa uwanja wake mwafaka. Ni kweli kwamba Februari 2011 Microsoft ilizima utaratibu wa flashi kujiendesha katika Windows XP na Vista. Hata hivyo, hila ya picha haikutegemea utaratibu huo. Kidole cha mtumiaji kilitosha.

La kwanza, basi, ni kutofuta flashi. Tarakilishi isafishwe kwa programu ya kukinga virusi, kisha flashi ikaguliwe. Viambishi vionyeshwe, na kila “kabrasha” lenye .exe lifutwe bila kubofywa. Aghalabu mapacha hao hulingana kabisa kwa ukubwa. Iwapo flashi inatambulika kwa herufi E, amri ifuatayo huyarejesha makabrasha yaliyofichwa:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Baada ya hapo huenda mtafiti akakumbana na pacha wa aina nyingine, faili ndogo ambayo jina lake linaanza kwa ~$. Huyu hana hatia. Word humuunda kila waraka unapofunguliwa, ili kuandika jina la anayeutumia, na humwondoa waraka unapofungwa. Stima ikipotea ghafla, jambo lisilo geni Nyamira, hubaki nyuma. Word ikishafungwa, anaweza kufutwa, na tasnifu haitapungukiwa na herufi hata moja.