Leseni ya Windows: Mfanyabiashara, kagua kabla ya kulipa

BUJUMBURA — Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, wala duka halikufungwa. Lakini tangu hapo, mfanyabiashara wa Buyenzi, Bwiza au mtaa wa Asiatique anayetunza hesabu zake kwenye mashine ya zamani anaendelea na kazi kama mtu aliyelala mlango wazi: huenda mwizi asije leo, ila kufuli halipo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo liko ndani ya kompyuta. Humo mna ankara za mzigo ulioshushwa bandarini kutoka Kigoma, nakala za vyeti vya uasili wa bidhaa, orodha ya wadeni, na karatasi ambazo wakala wa forodha huzihitaji kabla ya kuingiza tamko katika mfumo wa Asycuda World wa Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR. Lori likisimama Kobero na faili hazifunguki, gharama huhesabiwa kwa siku.

Ndiyo maana wengi wanataka kuhamia Windows 11, na ndiyo maana biashara ya kuuza namba za leseni imeshamiri.

Huenda unayo tayari

Jambo la kwanza ni kukagua kama leseni inahitajika kweli. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazofika Bujumbura kupitia Dubai, Dar es Salaam au Kampala zilitoka kiwandani zikiwa na Windows. Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wengi huihifadhi namba ya leseni ndani ya ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi huuita mazabodi. Namba hiyo haionekani kwa macho, na haifutiki hata diski ikisafishwa.

Kwa mashine ya Kifaransa, fungua Paramètres, kisha tafuta ukurasa wa Activation. Ikionyesha kuwa Windows imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali, huna haja ya kununua kitu. Aliye na Windows 10 yenye leseni halali anahamia Windows 11 bure, mradi mashine yake inakidhi masharti. Hata ukisimika upya kutoka mwanzo, chagua kuendelea bila namba, weka toleo lilelile la awali, kisha unganisha intaneti. Kwa kawaida mfumo hujitambua wenyewe. Kulipia namba mpya hapo ni kununua maji ukiwa umesimama kisimani.

Masharti nayo yakaguliwe mapema. Windows 11 inataka RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya gigabaiti 64, na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kwa prosesa za Intel, kwa ujumla ni kizazi cha nane kuendelea, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Mashine iliyo chini ya hapo haifai kununuliwa leseni ya Windows 11, hata muuzaji akiapa. Kwa wenye mashine kama hizo, Microsoft iliweka nyongeza ya masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watumiaji binafsi hadi 13 Oktoba 2026. Hiyo inatoa muda wa kujipanga.

Leseni tatu, hatima tatu

Anayelazimika kununua ajue kuwa leseni hazifanani. Ipo ya rejareja, ambayo mnunuzi anaweza kuihamisha kwenye mashine nyingine ile ya kwanza ikifa. Ipo ya kiwandani, iliyofungwa na mazabodi. Ubao ukiungua, leseni huenda nao. Ya tatu ni ya jumla, inayotolewa kwa kampuni, shule na taasisi kwa ajili ya mashine zao nyingi.

Hatari iko kwenye hii ya tatu. Katika duka la Microsoft nchini Marekani, Windows 11 Home imekuwa ikiuzwa dola 139 na Pro dola 199.99. Mtu anapotangaza namba hiyohiyo kwa dola 10, mnunuzi ajiulize imetoka wapi. Mara nyingi ni namba ya taasisi iliyovuja na kugawiwa watu wengi. Itakubali leo, nayo fundi ataonyesha kuwa kila kitu kiko sawa. Miezi michache baadaye Microsoft huifungia, na hapo muuzaji keshabadilisha simu.

Kibaya zaidi ni programu ndogo za kuvunja leseni zinazopitishwa kwa flashi. Nyingi humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi kwanza. Anayekubali amempa mgeni funguo za nyumba: nywila za benki, barua pepe za wauzaji wa nje, hesabu zote.

Namba isiyokubali

Namba halali ina herufi na tarakimu 25, katika mafungu matano ya tano tano. Inapokataliwa, kosa mara nyingi ni la kusoma. Namba za Windows hazitumii sufuri, 1 wala 5. Hazina irabu yoyote, wala L, S na Z. Kinachoonekana kama sufuri kwenye stika iliyochakaa huenda ni D au Q, na kinachofanana na S huenda ni 8.

Kwa Bujumbura kuna mtego mwingine: kibodi. Mashine zinazotoka Tanzania, Kenya au Dubai zina mpangilio wa Kiingereza, na wengi hapa husimika Windows kwa mpangilio wa Kifaransa. Ukibonyeza Q inatokea A, ukibonyeza W inatokea Z. Kwa kuwa A na Z hazimo katika namba, ukiona mojawapo kwenye kioo ujue kibodi ndiyo iliyokosewa. Chagua mpangilio unaolingana na herufi zilizochapwa kwenye vibonyezo.

Mambo mengine mawili husumbua: tarehe ya kompyuta iliyorudi nyuma baada ya betri ya ndani kufa, na toleo lisilolingana. Namba ya Home haiamilishi Pro. Na kabla ya lolote, nakili faili zote kwenye diski ya nje. Usimikaji mpya ukifuta diski, ankara za mwaka mzima huenda nazo. Programu yenyewe ipakuliwe kutoka tovuti ya Microsoft. Ni bure, inahitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Mashine iwe na chaji ya kutosha, umeme usije ukakatika katikati ya kazi.

Akaunti ni ya nani?

Swali hili wengi hawaliulizi, nalo ndilo zito. Windows 11 Home hutaka akaunti ya Microsoft wakati wa kusimika. Fundi mwenye haraka huweka yake, au hufungua mpya na kuondoka na nywila. Matokeo yake leseni inaunganishwa na akaunti isiyo ya mwenye mali.

Si hilo tu. Kompyuta nyingi za Windows 11 husimba diski kwa siri, na namba ya kuifungua, yenye tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo. Siku mashine itakapoidai, mfanyabiashara ambaye fundi wake amehamia Uvira au Kigoma atabaki ametazama kioo, faili zake zikiwa ndani. Bila namba hiyo, hakuna fundi mwingine atakayezitoa.

Kwa hiyo mwenye kompyuta akae karibu na fundi, aandike barua pepe yake na nywila yake kwa mkono wake. Adai risiti yenye jina la duka, aina ya leseni na namba yenyewe. Kabla ya kulipa salio, afungue mwenyewe ukurasa wa Activation na kusoma kilichoandikwa. Amri ya slmgr /dlv humwonyesha kama leseni ni ya rejareja, ya kiwandani au ya jumla. Amri ya slmgr /xpr humwambia kama ni ya kudumu au ina tarehe ya kuisha.

Mzigo mpakani hukaguliwa kabla ya kugongwa muhuri. Leseni nayo ikaguliwe hivyo, fundi akiwa bado amekaa na fedha zikiwa bado mfukoni.