Mbolea Ifike Kabla ya Mvua

Ndugu mkulima, mbolea nyingi tunayotumia hutoka nchi za nje. Huja kwa meli mpaka Bandari ya Dar es Salaam. Safari yake kutoka hapo ndiyo huongeza bei au huipunguza.

Mbolea ya kupandia hutiwa shimoni wakati wa kupanda mbegu. Ikifika mahindi yamekwisha kuota, fedha yako imetumika na faida yake imepungua. Basi tuitazame njia yake.

Njia hiyo ni kama mti. Bandari ni shina. Matawi makubwa ni barabara kuu na reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, nayo hupita Mbeya kwenda Zambia. Matawi madogo ni barabara za wilaya. Majani ni vijiji vyetu.

Mzigo mkubwa upite tawi kubwa. Ugawanywe karibu na watumiaji. Kwa hiyo kila eneo lahitaji ghala.

Jina la soko la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Mpagazi alibeba mzigo mmoja kichwani. Leo lori la tani 10 hubeba mifuko 200 ya kilo 50. Tuseme nauli yake ni shilingi 600,000. Lori likijaa, kila mfuko hulipiwa nauli ya shilingi 3,000. Likibeba mifuko 50 tu, kila mfuko hulipiwa shilingi 12,000! Mbolea ni ile ile na njia ni ile ile.

Tufanye nini?

1. Mara baada ya mavuno, kila mkulima aandikishe mifuko anayohitaji.

2. Chama cha ushirika kikusanye fedha na kutoa agizo moja.

3. Lori linalopeleka mazao yetu Dar es Salaam lisirudi tupu. Patana na mwenye lori arudi na mbolea kwa nauli nafuu.

4. Ghala liwe kavu. Mifuko ipangwe juu ya mbao, isiguse ukuta.

Mvua haimngoji mtu. Ndugu, orodha ya kijiji chenu imeanza kuandikwa?